Retro ya jahazi: maana yake na namna ya kuiendesha

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa yanakokusanyika maji. Sijapata maelezo mafupi ya retro yanayoishinda methali hii.

Retro ni kikao ambacho timu, ikimaliza kipande cha kazi, hukaa na kuulizana: tumefanyaje kazi, na safari ijayo tubadilishe nini? Bidhaa yenyewe hukaguliwa kwenye kikao kingine. Watengenezaji wa programu waliipa desturi hii nguvu mwaka 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakaandika Tamko la Agile, yaani misingi ya kutengeneza programu hatua kwa hatua na kuikubali mabadiliko. Kanuni yake ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho, inaitaka timu ijitafakari kila baada ya muda na kurekebisha mwenendo wake. Kwa wanaofuata Scrum, utaratibu wa kugawa kazi katika vipindi vifupi, kazi ya mwezi mmoja hupewa retro isiyozidi saa 3.

Maswali yale yale kila baada ya wiki mbili huchosha, watu wakaanza kujibu ili kikao kiishe. Ndipo kikao kikavishwa sura mbalimbali, na iliyoenea sana ni ya chombo cha baharini. Luke Hohmann, mwandishi wa michezo ya kazini, alibuni mchezo wa boti ya kasi, ambamo nanga ni yale yanayowakera wateja. Waliokuja baadaye wakaongeza tanga, upepo, miamba na kisiwa cha kufikia.

Mtu wa pwani akiuona mchoro huo hushangaa. Nanga imekuwaje adui? Bahari ikichafuka, nanga ndiyo inayokuokoa. Kinachokwamisha chombo ni kupwelewa: maji yamekupwa, nawe umekaa juu ya mchanga ukingoja yajae. Kwa hiyo kwenye retro ya jahazi tunatenga mambo mawili. Nanga zetu ni zipi, yaani yale yanayotushika tusipeperuke, kama kukaguliana kazi kabla ya kuitoa? Na tulipwelewa wapi, tukikaa bure kusubiri mtu au kibali?

Upepo nao una majina. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ukaleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hivi, ukayarudisha. Upepo mmoja humfaa anayekuja na kumzuia anayekwenda. Kuuliza tu nini kilitusukuma hakutoshi. Uliza huu ni msimu gani, na je, tulipanga safari ya kwenda wapi? Mwaka wa fedha wa serikali, Kenya na Tanzania, huanza 1 Julai. Timu inayouza mifumo kwa serikali ina kaskazi yake na kusi yake, na kuzigombeza ni kupoteza nguvu.

Sasa ngama. Kila chombo cha mbao huingiza maji. Baharia hufua maji, yaani huyachota kwa ndoo na kuyamwaga, ili chombo kisizame, lakini ubao unaovuja unataka kalafati, yaani kuzibwa nyufa zake. Tuseme ripoti ya mwisho wa mwezi hugoma kila mara, na dada mmoja hukesha akiirekebisha kwa mkono. Wote humsifu kwa kujituma. Anafua maji, na hakuna aliyeuliza ubao gani umeachia. Retro nyingi hufeli hapa, kwa kuhesabu ndoo badala ya kutafuta tundu.

Kuiendesha ni rahisi. Chora jahazi ubaoni, kisha kila mtu aandike karatasi zake kimyakimya kabla ya yeyote kusema. Ukimya huo nausisitiza. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, na meneja akitangulia kusema, wengine watamuitikia. Nahodha aseme mwisho. Norman Kerth, mwandishi wa kitabu kuhusu retro, aliweka sharti la msingi: tuamini kwamba kila mmoja alifanya awezalo kwa alichokijua wakati ule. Lisomwe kwa sauti mwanzoni, kwani bila hilo kikao hugeuka baraza la mashtaka.

Kama nusu ya timu haijawahi kuona jahazi, liache. Waliokulia shambani wana masika na vuli, kupanda na kupalilia, na watasema mengi zaidi kwa lugha hiyo. Sura ya utamaduni ina faida pale tu inapomfanya mtu aseme asichokuwa akisema. Mikeka na kanga ukutani peke yake ni mapambo.

Mwishoni chagueni tundu moja. Aandikwe wa kulitia kalafati na siku ya kumaliza. Retro inayofuata huanzia hapo, kwa kushika ubao ule ule na kuona kama umekauka.