Sanaa ya makatakombe ni nini?

Ni michoro ya ukutani ambayo Wakristo wa karne za mwanzo waliiacha kwenye makaburi yao ya chini ya ardhi. Mashuhuri zaidi iko Roma, katika makatakombe ya Priscilla, Callixtus na Domitilla. Ile ya kale kabisa ni ya mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzoni mwa karne ya 3.

Wengi huamini kwamba humo walijificha waliokuwa wakiteswa. Sivyo. Sheria ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji, nao mwamba wa tufo ulioko nje yake ni laini kuchimba na hukakamaa ukipata hewa. Wachimbaji walitoboa njia nyembamba, wakachonga kutani matundu ya maiti, moja juu ya jingine, yakazibwa kwa vigae au bamba la marmari. Picha ziliwekwa zaidi kwenye vyumba vya familia na makaburi yenye tao.

Fundi alipiga lipu ya chokaa na majivu ya volkeno, mara nyingi tabaka moja au mbili tu, akachora ingali mbichi ili chokaa ikikauka iishike rangi. Ukuta uliachwa mweupe, ukagawanywa kwa mistari myekundu na ya kijani. Weupe huo ulisaidia sana penye mwanga wa taa ya mafuta.

Sura ni chache, nazo zimechorwa kwa mikono ya haraka. Nuhu amesimama ndani ya sanduku dogo, hana mke wala mnyama, ila njiwa anamjia. Danieli ameinua mikono katikati ya simba wawili. Yona anatupwa baharini, anatapikwa, kisha anapumzika chini ya mtango, na pozi lake la kulala limeazimwa kwa Endymion wa ngano za Kiyunani. Lazaro anatoka kaburini akiwa bado na sanda. Wote hao Mungu aliwatoa mautini, na hilo ndilo waliomzika ndugu yao walilomwombea. Kristo msalabani haonekani katika michoro ya karne ya 3 na ya 4. Mchungaji Mwema, kijana asiye na ndevu aliyebeba kondoo mabegani, yumo tele.

Adui wa michoro hii ni masizi ya taa, ukoko wa chokaa unaoletwa na maji yanayopenya mwambani, na kuvu na mwani vinavyostawi kwa unyevu, pumzi za wageni na taa za umeme. Kusugua hung'oa rangi pamoja na uchafu. Ndiyo maana huko Domitilla mafundi walitumia leza iliyorekebishwa iunguze weusi na kuiacha rangi, na vyumba viwili vilivyosafishwa vikaonyeshwa mwaka 2017.