Ada ya chuo binafsi: yasemwayo mtaani na yaliyo kweli

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kila mtaa hupata washauri wake. Mengi wanayoyasema kuhusu vyuo binafsi yanawagharimu watoto wa watu.

“Chuo binafsi? Bodi haikopeshi huko.”

Inakopesha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na wanafunzi wa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Mwanza, au wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro husaini mkopo kama wenzao wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinachotazamwa ni uhitaji, na chuo kiwe na ithibati. Ada huenda moja kwa moja chuoni, na bumu, yaani hela ya chakula na malazi, ndiyo inayomfikia mwanafunzi.

Tatizo ni pengo. Tuseme ada ni 1,500,000 kwa mwaka na Bodi imekupangia 900,000 za ada. Laki sita zilizobaki ni za nyumbani, na zitadaiwa kila mwaka mpaka umalize. Familia nyingi husherehekea jina kuonekana kwenye orodha ya waliopata mkopo, hesabu hii wakaifanya Novemba, mtoto akiwa ameshapanga chumba.

“Mkopo ni wa wenye kujuana.”

Sitamwapia mtu kwamba hakuna aliyeonewa. Ila wengi niliowaona wakikosa walikwama kwenye makaratasi: cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, cheti cha kifo cha mzazi hakikuambatishwa, fomu imepandishwa mtandaoni bila sahihi. Mpwa wangu nilimsindikiza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mara tatu. Siku ya kwanza mzee alikuwa msibani. Ya pili yupo, mhuri umefungiwa ofisini na mwenye ufunguo kasafiri. Ya tatu tukagongewa, tukagundua ukurasa wa mdhamini hauna picha. Angeanza siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, leo naye angekuwa analaumu kujuana. Na jina likikosekana awamu ya kwanza, awamu nyingine hufuata, kisha dirisha la rufaa.

“Ada ya kwenye tangazo ndiyo gharama.”

Ombeni mchanganuo wote kabla ya kuthibitisha udahili. Chini ya ada huwa kuna usajili, serikali ya wanafunzi, mitihani, kitambulisho, mchango wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa 20,000 kwa mwaka na bima ya afya kwa asiye nayo. Mafunzo kwa vitendo yana nauli zake. Kwa upande mwingine, chuo kilicho daladala moja kutoka kwenu, unakokula ugali wa mama na kulala bure, kinaweza kukugharimu kidogo kuliko cha serikali kilicho mkoa wa mbali. Kwa udaktari sizungumzi hivyo; pengo la ada huko ugali hauwezi kuliziba.

“Kama huna yote mkononi, usiende.”

Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu. Uliza ni ngapi, tarehe zipi, na kiasi gani lazima kiwe kimeingia ndipo uruhusiwe kufanya mtihani, maana mlango wa chumba cha mtihani ndipo wadaiwa wanapokamatwa. Ukikubaliwa kuchelewesha, dai barua. Mhasibu aliyekukubalia kwa mdomo anaweza kuwa likizo wiki ya mitihani.

“Ukikopa, deni linakua mpaka uzeeni.”

Hofu hii ilikuwa na msingi wake. Kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na watu walilipa miaka na miaka huku salio likiwacheka. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Yaliyobaki ni makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyeajiriwa: mwenye 800,000 anakatwa 120,000 kila mwezi. Inauma, lakini sasa ukikatwa, salio linashuka.