Je, wajua? Maji ya kichwa kikubwa hayakuingia kutoka nje

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto hupata kichwa kikubwa kwa sababu maji yamemwingia utosini. Sikuyasoma popote hayo. Niliyapata Igoma, Mwanza, kwa bibi yangu, aliyekuwa akimwogesha mdogo wangu kwenye beseni huku kiganja kimoja kimefunika utosi kama mfuniko wa chungu. "Hapa pako wazi," alisema. "Maji yakizama humu, kichwa kitavimba." Utosi wa mtoto ni laini kweli, unadunda kweli, na mtaa wa pili kulikuwa na mtoto ambaye kichwa chake kilikuwa kimeuzidi mwili. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Nilipokua nikajiona nimeelimika, kumbe nilikuwa nimebadilisha kosa moja kwa jingine. Nikawa naamini kwamba kichwa cha mtoto wa namna hiyo kinatengeneza maji mengi kupita kiasi. Hilo nalo si kweli, isipokuwa kwa wachache sana wenye uvimbe fulani wa nadra.

Utosi kwanza, tuumalize. Chini ya ile ngozi laini kuna utando mgumu, na chini yake kuna tando nyingine zinazoufunika ubongo. Maji ya beseni hayapiti hapo, kama yasivyopita kitovuni kuingia tumboni. Kinachoitwa uwazi ni nafasi tu kati ya mifupa ya fuvu ambayo bado haijaungana. Nafasi hizo humsaidia mtoto kupita wakati wa kuzaliwa, kisha huupa ubongo pa kukulia: kichwa chenye mzunguko wa sentimita kama 35 siku ya kuzaliwa hufika kama 46 mtoto anapotimiza mwaka. Utosi wa mbele hufunga, kwa wengi, kati ya mwaka mmoja na miwili. Kule kudunda ni mapigo ya damu. Na kwa kuwa nimeanza kusafisha, nimalizie: mama kunywa maji mengi akiwa mjamzito hakuhusiki, uji mwepesi hauhusiki, wala jicho la jirani. Kuoga ziwani kunaweza kukupa kichocho. Kichwa kikubwa, hapana.

Maji yenyewe kila mtu anayo. Mtu mzima ana kama mililita 150, yaani karibu nusu ya chupa ya soda, safi kama maji ya chemchemi, yakiuzunguka ubongo na uti wa mgongo. Yanatengenezwa humo humo kutokana na damu, hasa na vishada vidogo vya mishipa ambavyo wataalamu huviita koroidi pleksasi, vilivyomo ndani ya vyumba vinne vya ubongo. Kazi yake mojawapo inanifurahisha kila nikiikumbuka: ubongo wa gramu 1,400 hivi, ukielea humo, uzito wake ni kama gramu 50 tu. Tumebeba kichwani kitu kinachoelea kama mtumbwi.

Kwa siku moja vishada hivyo hutengeneza kama nusu lita. Linganisha na zile mililita 150 zilizopo wakati wowote. Maana yake maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kwa siku, na yanayotoka lazima yalingane na yanayoingia. Hapo ndipo penye siri yote.

Anayeujua Mto Mirongo ameshaelewa nusu ya habari. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Mwanza, maji hushuka, hupita mitaani, huingia Mirongo na kuishia ziwani. Mwaka ambao makalavati ni safi, mvua kubwa hupita na watu wa Mabatini wakalala. Mwaka ambao takataka zimejazana kwenye kalavati moja, mvua ileile, pengine ndogo zaidi, huwatoa watu nje wakiwa wamebeba magodoro kichwani. Anayesimama mlangoni maji yakiwa magotini atasema mvua ya leo imezidi. Haikuzidi. Maji yamekosa pa kutokea. Tena angalia nani amefurika: ni walio juu ya kalavati. Aliye chini yake, karibu na ziwa, anashangaa kelele ni za nini.

Ubongo ni hivyo hivyo. Maji hutoka vyumba viwili vya pembeni, huingia chumba cha tatu cha katikati, hupita kwenye kimfereji chembamba hadi chumba cha nne, kisha hutoka nje kuuzunguka ubongo na hatimaye kurudi kwenye damu. Kile kimfereji kati ya chumba cha tatu na cha nne hata kwa mtu mzima upana wake ni milimita moja au mbili. Ndilo kalavati letu. Kikiziba, vyumba vitatu vya juu yake hutanuka na cha nne hubaki kama kilivyo. Daktari akiitazama picha ya ndani ya kichwa anasoma kama fundi wa mitaro: wapi pamejaa, wapi pakavu, basi kizuizi kiko katikati. Wakati mwingine vyumba vyote vimetanuka, na hapo tatizo liko mwishoni kabisa, pale maji yanapotakiwa kurudi kwenye damu.

(Nilitaka kutumia ziwa lenyewe kama mfano, maana njia yake pekee ya kutokea ni Nile pale Jinja. Lakini ziwa letu linaharibu mfano: sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke. Kichwa hakina anasa hiyo.)

Wazo hili si la jana. Kati ya 1913 na 1914, Walter Dandy na Kenneth Blackfan wa Baltimore, Marekani, walikiziba kimfereji hicho ndani ya ubongo wa mbwa, na vyumba vya juu yake vikajaa. Kwa watoto walitia rangi kwenye chumba cha ubongo na kuangalia kama itatokea kwenye maji ya mgongoni. Isipotokea, njia imefungwa.

Nini huziba? Mtoto anaweza kuzaliwa na kimfereji chembamba mno. Kwa watoto njiti, damu inaweza kuvuja ndani ya vyumba ikaacha makovu. Halafu kuna maambukizi, hasa ile tunayoiita homa ya uti wa mgongo, jina linalopotosha kidogo kwa sababu tando zinazovimba ni za ubongo pia. Na kuna mgongo wazi. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hutakiwa kujifunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hata hajajijua. Usipojifunga upande wa chini, sehemu ya nyuma ya ubongo huvutwa kuelekea shingoni na kubana njia ya maji. Ndiyo maana vichwa vikubwa na mgongo wazi hutajwa pamoja. Foliki asidi, aina ya vitamini B, hupunguza hatari ya mgongo wazi, ila inatakiwa iwepo mwilini kabla ya mimba.

Mtu mzima akizibwa, kichwa hakikui. Mifupa imeshaungana, kwa hiyo shinikizo hubaki ndani: kichwa kinauma, anatapika, macho yanafifia. Kwa wazee kuna aina ya polepole inayoharibu mwendo, mkojo na kumbukumbu, na familia husema ni uzee tu. Mtoto mchanga ana bahati mbaya iliyo na faida ndani yake: fuvu lake linatanuka, hivyo ugonjwa unaonekana kwa macho na unapimika kwa utepe wa kliniki. Kichwa kinachokua haraka kuliko mstari wa kwenye kadi, utosi uliotuna, macho yanayoelekea chini kila wakati: huyo anapelekwa hospitali, na kwa kanda ya ziwa safari hizo nyingi huishia kilimani Mwanza, hospitali ya Bugando.

Tiba ya kawaida ni mpira mwembamba wenye vali, yaani kilango kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Vali iliyoufanya mpira huo utegemeke ilibuniwa mwaka 1956 na John Holter, fundi wa mashine, si daktari, kwa ajili ya mwanawe. Tumbo halijai, kama wengi wanavyohofu. Utando wa ndani huyafyonza maji na kuyarudisha kwenye damu. Ubaya ni kwamba mpira nao huziba. Ukiziba usiku, na mtoto yuko Ukerewe, na meli imeshaondoka, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana ninapenda kilichofanyika Mbale, Uganda. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Mmarekani Benjamin Warf alikuwa akitoboa kitundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu akitumia kamera nyembamba, maji yakapata mchepuko bila mpira wowote. Kwa wachanga hilo peke yake halikutosha, akaongeza kuunguza vile vishada vinavyotengeneza maji. Jaribio la watoto 100, lililochapishwa 2017, halikuona tofauti ya maana katika ukuaji wa akili baada ya mwaka mmoja kati ya njia hiyo na mpira. Kwa nini kuunguza vishada kunasaidia bado kunabishaniwa: pengine ni kupunguza maji, pengine ni kutuliza mapigo ya vishada vyenyewe yanayosukuma kuta za vyumba.

Mbale ndiko pia kulikotoka jambo lililonirudisha kwa bibi. Kati ya watoto wa mwanzo waliotibiwa huko, zaidi ya nusu ugonjwa wao ulifuata maambukizi. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba visa hivyo hupanda na kushuka kufuatana na mvua, vikiongezeka wakati mvua ni ya wastani, si kiangazi kikali wala gharika. Mwaka 2020 wakamkuta kwenye maji ya vichwa vya watoto hao bakteria ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta, wa jamii ya Paenibacillus. Takwimu hizo ni za Uganda, nisingezihamishia Mwanza kama zilivyo. Lakini bibi alikuwa na hakika kwamba maji ya nje yanahusika, na kwa baadhi ya watoto huenda yanahusika kweli. Ila hayakupitia utosini.