Mfumuko wa bei kupungua si bei kushuka

Kila UBOS, shirika la takwimu la Uganda, inapotoa takwimu za mwezi, nalijua swali litakalokuja: "Mnasema mfumuko wa bei umeshuka, mbona sabuni haijashuka? Mnatudanganya." Limenichosha, kwa sababu linawafanya watu waidharau takwimu ya maana huku wakidai kitu ambacho kingewaumiza.

Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda, mwezi huu ukilinganishwa na mwezi kama huu mwaka jana. Boda inayotoka Nakawa kwenda Mukono ikipunguza mwendo pale Kireka, haijaanza kurudi Nakawa.

Tupige hesabu. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 10.7. Oktoba 2023 ulikuwa asilimia 2.4. Bidhaa zilizogharimu shilingi 100,000 Oktoba 2021 zikawa 110,700 mwaka uliofuata, kisha takriban 113,400. Kasi imeanguka vibaya sana, na mama bado anatoa 13,400 za ziada. Hakuna aliyedanganya hapo, si UBOS wala mama. Kama kipato chake hakijasogea, amekuwa maskini zaidi, na kelele zetu zielekee huko: kwa nini mishahara haikufuata bei? Swali hilo silisikii mara nyingi, na linaniuma.

"Basi bei zirudi zilipokuwa." Ya bidhaa mojamoja hurudi. Mahindi yakikubali, posho (unga wa mahindi) inashuka. Januari 2022 madereva wa malori walipogomea malipo ya vipimo vya Korona mpakani, petroli ilipaa, kisha ikapungua malori yalipoanza kupita. Bei zote kushuka kwa pamoja ni balaa la aina nyingine. Mfanyabiashara wa soko la Owino aliyekopa milioni 10 kununua mzigo atauza kwa bei ndogo kila mwezi, lakini deni halipungui hata shilingi. Ataanza kwa kumwachisha kazi kijana wa dukani. Wateja nao, wakijua mwezi ujao kutakuwa na nafuu, watangoja. Ndiyo maana Benki Kuu inalenga mfumuko wa msingi wa asilimia 5, si sifuri.

Kwenye huo mfumuko wa msingi, wenye hasira nawaelewa. Unaondoa mazao ya chakula na nishati, kwa kuwa hizo huyumbishwa na mvua na soko la mafuta la dunia, na riba inayopangwa na Benki Kuu Kampala haileti mvua. Kitaalamu ni sawa. Lakini matoke, mkaa na petroli ndivyo vinavyomaliza pesa za watu, na hata takwimu ya jumla inayovihesabu ni wastani tu. Sijaona familia inayokula wastani.

Nina shaka nyingine. Mwaka 2011 mfumuko ulipopita asilimia 30, Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 23 ili kuubana. Mfumuko ukapungua, mikopo ikawa ghali, biashara zikapoa. Ni sehemu gani ya nafuu ile ilitokana na riba, na ipi na mavuno? Sithubutu kutaja namba. Wengi wetu tunakopa SACCO au kwa mkopeshaji wa mtaani, na sauti ya Benki Kuu hufika huko imefifia.

Kuhusu ajira nitakuwa mfupi. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki inayopimwa anahesabiwa ana ajira. Kwa hiyo mchoro wa vitabuni, ajira zikipotea mfumuko unapoa, hapa hauonekani vizuri. Uchumi ukidorora, kijana haachi kuuza karanga, ila anauza kidogo na bado anahesabiwa yuko kazini. Ili kujua hali ilivyo, mimi huwauliza wenye vibanda vya chakula kama wateja bado wanaagiza nyama au wamehamia maharage.