Maana ya Shahada ya Uzamili katika Uandishi wa Skripti za Filamu

Shahada ya uzamili katika uandishi wa skripti ni masomo ya chuo kikuu yanayofuata shahada ya kwanza, ambamo mwanafunzi huandika hadithi za filamu na tamthilia za televisheni, huzisoma mbele ya walimu na wenzake, kisha huziandika upya mpaka ziweze kukabidhiwa kwa mwongozaji. Kuandika upya ndiko kunakokula muda mwingi kuliko jambo lolote lingine katika masomo hayo, na anayeyafikiria huko Iringa, Njombe au Mbeya ni vyema alijue hilo kabla ya kuulizia ada.

Wapo wanaoichukulia shahada hii kama kozi ya kutengeneza filamu, na wapo wanaodhani ni ruhusa ya kuandika. Kamera, taa na uhariri hufundishwa kwa kiasi kidogo tu, ili mwandishi afahamu kazi yake itapita mikononi mwa nani. Ruhusa nayo ni suala jingine kabisa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania ya mwaka 1976 humtaka mtayarishaji apate kibali kabla ya kupiga picha, na maombi yake huambatana na maelezo ya hadithi yenyewe, lakini hakuna mahali inapomdai mwandishi shahada.

Vilevile masomo haya yasichanganywe na uzamili wa taaluma za filamu, ambao mwanafunzi wake husoma nadharia na historia ya filamu, hufanya utafiti na kumaliza kwa tasnifu ya kitaaluma. Kwa mwanafunzi wa uandishi, kazi ya kuhitimu kwa kawaida ni skripti ya filamu ndefu, yenye kurasa 90 hadi 120. Idadi hiyo ina sababu yake: skripti ikichapwa kwa mpangilio uliozoeleka, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika 1 ya filamu. Nchini Marekani masomo haya huchukua miaka 2 au 3, na shahada yake huhesabiwa kuwa ya juu kabisa katika fani za ubunifu, kiasi kwamba aliyenayo anaweza kufundisha chuo kikuu bila shahada ya uzamivu. Uingereza programu nyingi ni za mwaka 1, ingawa National Film and Television School iliyoko Beaconsfield hufundisha kwa miaka 2.

Kiini cha masomo ni darasa la warsha. Njia hii ya kufundisha uandishi ilipata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilichoanzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936. Wanafunzi wachache huketi pamoja, wanagawana wahusika, wanasoma kurasa za mwenzao kwa sauti, halafu wanazijadili huku mwenye kazi akisikiliza. Tuchukue mfano. Mwanafunzi ameandika sini, yaani onyesho moja la filamu, inayotokea alfajiri kwenye kibanda cha chai pale Uyole, Mbeya, mahali barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile ya kwenda Tunduma. Skripti yake inasema: “Mama anamkumbuka mwanawe, utingo wa lori, ambaye hajarudi tangu mwaka jana.” Swali la kwanza la darasa litakuwa ni kitu gani mtazamaji anakiona, kwa maana kumbukumbu haipigwi picha. Swali la pili ni mtazamaji atajuaje kwamba kuna mwana, tena utingo, na kwamba hajarudi.

Mwandishi anarudi nyumbani na sini yake. Wiki inayofuata analeta nyingine: lori linasimama, dereva anaagiza chai na chapati, anakula, analipa, na Mama anapokea hela bila kumtazama. Baada yake anakuja utingo, kijana mwenye koti lililompwaya, naye anakula vilevile. Anapotoa hela, Mama anausukuma mkono wake na kumwongezea chapati nyingine iliyofungwa kwenye gazeti. Hakuna aliyesema neno juu ya mtoto. Darasa sasa linajua kuna jambo, na linataka kuona sini inayofuata. Stadi hiyo, ya kuugeuza moyo wa mtu kuwa kitendo kinachoonekana, ndiyo ninayoiona kuwa thamani kubwa ya masomo haya, nayo haipatikani kwa mhadhara.

Masomo mengine ni uchambuzi wa filamu, kubuni mfululizo wa televisheni, kugeuza riwaya kuwa skripti, na mikataba na hakimiliki.

Ipo gharama moja ambayo vijitabu vya vyuo haviitaji, nayo ni ya sikio. Mwanafunzi kutoka nyanda za juu kusini akisoma London au Los Angeles ataandika kwa Kiingereza, na darasa lake halitasikia tofauti kati ya mzee anayesalimiwa “Kamwene” kwa Kihehe na yule anayeamkiwa “Shikamoo,” wala halitatambua kwamba kijana aliyeacha Kinyakyusa na kumjibu bibi yake kwa Kiswahili ameshatangaza ugomvi. Walimu wataweza kumsaidia katika muundo wa hadithi. Kuhusu majibizano atabaki peke yake. Kwa hiyo namshauri kila anayekwenda aandike pia toleo la Kiswahili la kila kazi, alitume nyumbani, na awaombe watu walisome kwa sauti.

Kuhusu kuingia, programu nyingi hupokea shahada ya kwanza ya fani yoyote, hivyo mwalimu wa Kiswahili na historia aliyehitimu chuo cha Mkwawa, Iringa, hana sababu ya kujiondoa mapema. Kinachopimwa zaidi ni sampuli ya maandishi. Anayetegemea ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza akumbuke kwamba hulipia uzamili wa mwaka 1, hudai uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka 2, kwa hiyo kozi ya miaka 2 ya Beaconsfield haiingii humo. Hapa nchini, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) hufundisha sanaa katika ngazi za chini ya shahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Anayesoma nje na kutarajia ajira ya kufundisha hapa ahakikishe mapema, kupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwamba shahada ya chuo anachokwenda itatambuliwa.