"Ndo tabia yake": maswali na majibu kuhusu vidodoso vya tabia

Nimekaa chumba cha afya ya akili hapa Pemba muda sasa na kila wiki kuna mtu ananionesha simu, dakta tazama nimejipima, mimi mkimya tu sina ugonjwa. Haya tuulizane.

Hichi kidodoso chenyewe ni kitu gani?

Ni sentensi fupi fupi za kujieleza wewe mwenyewe, unajipa namba kuanzia 1 (sikubali kabisa) mpaka 7 (nakubali kabisa). Kimoja kifupi kinachojulikana sana kina sentensi 10 tu, kilitolewa 2003 na Samuel Gosling na wenzake wawili Marekani, dakika moja ushamaliza. Kinatazama mambo matano: uchangamfu, upole kwa watu, umakini wa kazi, utulivu wa moyo na kupenda mambo mapya. Kila jambo sentensi mbili, basi. Waliokitunga wenyewe walisema ni cha pale muda ukiwa mfinyu na vile virefu ni bora zaidi.

Mbona nikijumlisha napata vyengine na mwenzangu anapata vyengine?

Kwa sababu hamugeuzi. Katika zile mbili moja imeandikwa kinyume. Umejipa 5 kwenye uchangamfu, ukajipa 6 kwenye ukimya, ile 6 unaitoa kwenye 8 inabaki 2, ndo unajumlisha na 5 zinakuwa 7, gawa kwa mbili, 3.5. Wengi wanajumlisha 5 na 6 wanatoka wachangamfu wa kutisha kumbe wamejifungia chumbani siku tatu.

Kimeniambia mkimya na moyo wangu hautulii. Si ndo mimi nilivyo?

Kidodoso cha tabia hakipimi ugonjwa. Tabia ni ulivyo miaka nenda miaka rudi, kwenye harusi, baraza, kazini. Kama mwaka jana ulikuwa unachuma karafuu unaimba na leo hata kuoga unaona mzigo, hiyo si tabia, umebadilika, na kubadilika ndo kunakonipa wasiwasi mimi. Tena mtu mwenye huzuni akijaza hichi kitu anajibu kwa ile huzuni yake ya leo, halafu jawabu linarudi limeandikwa ndo ulivyo, na yeye anaamini!

Lakini mwanangu mkimya tangu skuli.

Sawa, mkimya. Alikuwa halali usiku tangu skuli? Alikuwa anarudisha sahani ya wali haijaguswa? Mama mmoja alinambia "ndo tabia yake" mara nne nikazihesabu, namuuliza lini kaacha kwenda pwani kuvua na wenzake, akanyamaza, akasema tangu baada ya mfungo. Miezi mitano hiyo! Mkimya akiumwa anaumwa kama mwengine, tena yeye ndo anachelewa kuletwa kwa sababu nyumba nzima ishamzoea.

Basi nijipime tena baada ya mwezi nione?

Hapana. Kidodoso cha tabia hakipimi ugonjwa, hata ukikirudia mara kumi. Wiki mbili za huzuni au kutopenda chochote takriban kila siku zinatosha, njoo. Sisi tunalo dodoso letu la huzuni, la maswali 9 linalouliza hizo wiki mbili, kila moja 0 mpaka 3, jumla 27, na hilo pia halitoi hukumu peke yake, ikifika 10 tunakaa tunazungumza vizuri. Swali la mwisho ni la kufikiria kufa au kujidhuru, ukijibu chochote zaidi ya sifuri naweka kalamu chini, hesabu baadae.

Nikija mtanipandisha boti mnipeleke Kidongo Chekundu, hospitali ya akili kule Unguja?

Hofu hii imewakalisha watu ndani jamani. Wengi wanazungumza na sisi, wengine wanapewa dawa, wanarudi kwao kupika futari. Na kisomo someni, dua ombeni, mimi pia nasomewa, lakini musingoje siku saba ziishe ndo muje.

Posa imekuja, tumjazishe bwana harusi kidodoso?

Atajipa 7 kwenye upole. Waulizeni majirani zake.

Nani nije nae?

Njoo na unaelala nae nyumba moja, maana wewe utanambia uko poa na yeye ndo anajua umeamka saa ngapi usiku. Kama mtu kashatamka kutaka kufa, msimwache peke yake, ondosheni vidonge na dawa za shamba, mleteni leo leo hata usiku, hospitali yoyote iliyo karibu, na ile simu yenye majibu iacheni nyumbani.