Si Lucas, ni Kutu

Wapenzi wa magari ya michezo ya Uingereza wana utani wa zamani: Joseph Lucas wa Birmingham wanamwita “Mkuu wa Giza”, kwa kuwa taa za kampuni yake ya vifaa vya umeme vya magari eti huzimika zenyewe. Utani mtamu, lakini unamwonea.

Chukua MGB, gari la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Umeme wake hutoka kwenye betri kwa waya, kisha hurudi kupitia bati la bodi, yaani ethi. Miaka hamsini ya mvua na chumvi ya barabarani huacha kutu pale waya wa ethi unapofungwa, na viungio vya waya huota kutu ya kijani. Taa inafifia, fundi anabadilisha balbu, tatizo liko palepale.

Kabla hujanunua chochote, washa taa. Gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye chuma cha kitako cha taa, nyingine kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ndiyo mbovu. Chomoa betri, fungua bolti ya waya wa ethi, piga msasa hadi bati ling’ae, kaza, paka grisi juu.